Nilihesabu Kuanzia Siku ya Kuoga

Treni ya kutoka Kigoma ilichelewa, kama ilivyokuwa ikichelewa nilipokuwa msichana, nikashuka Tabora saa nne asubuhi shingo imekakamaa na mkoba unanuka samaki, migebuka ya jirani yangu wa behewani. Nilikuwa nakwenda kwenye arobaini ya Bi Zuhura. Nyumbani kwake Gongoni niliwakuta wanawake wameujaza ua, wengine wakichambua mchele, wengine wakikaanga vitunguu kwenye masufuria makubwa ya kuazima, na mimi, badala ya kusalimia kwanza kama mtu aliyelelewa, nikaelekea moja kwa moja jikoni. Nilitaka kuangalia ukuta. Rehema, binti wa marehemu, alinidaka mlangoni, akanikumbatia, tukalia kidogo, kisha akanipa kisu na bakuli la vitunguu saumu na kunikalisha kwenye kigoda nje ya mlango huo huo wa jiko. Kwetu Tabora ukifika msibani umefika kazini. Basi nilimenya vitunguu saumu karibu saa nzima nimeupa mgongo ukuta niliosafiri kuuona, na kichwa changu kikarudi kwenye mwaka nilioishi katika nyumba ile.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilipanga chumba cha uani, kitanda cha mninga kilichojaa chumba kizima hivi kwamba mlango ulifunguka nusu tu, na dirisha dogo lililoangalia jiko. Mchana niliuza vitambaa kwenye duka moja karibu na soko, lakini hiyo haikuwa kazi yangu moyoni. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea mambo ya maabara katika chuo kimoja cha afya, masomo yangeanza mwezi wa kumi, na barua ya kuitwa niliiweka chini ya godoro, nikiitoa kila siku kuisoma tena kana kwamba ingeweza kubadilika usiku. Pamoja na barua ile kulikuwa na fomu ya uchunguzi wa afya: macho, kifua, damu, na kwa wasichana, kisanduku kimoja cha mimba. Fomu ilitakiwa kujazwa si zaidi ya wiki mbili kabla ya kuripoti. Kisanduku kile nilikiruka kila nilipokisoma. Hakikunihusu, nilidhani, kwa sababu mimi nilikuwa msichana mwenye akili ya hesabu.

Bi Zuhura alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alikaanga vitumbua kila alfajiri, na wateja wake walikuja na bakuli zao na habari zao. Kutoka kitandani kwangu nilizisikia zote: nani kaachika, nani kaenda Igalula kufuata mume na kumkuta na mke mwingine, binti wa nani amekunywa nini kutoa mimba na sasa amelazwa. Habari za namna hiyo ya mwisho zilisemwa kwa sauti ya chini, na mara zote zilimalizika kwa mtu kusema, "Mabinti wa siku hizi." Nami nikiwa chini ya shuka nilikuwa nakubaliana nao kabisa. Nikikumbuka hilo leo naona aibu kuliko jambo lenyewe nililokuja kulifanya.

Sasa ni lazima nieleze habari ya kalenda, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa jinsi mtu aliyefaulu hisabati anavyoweza kukosea kuhesabu mpaka saba. Jikoni, juu ya mtungi, ilining'inia kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, yenye picha ya bati. Wanawake wa nyumba ile waliitumia kwa jambo moja. Maji ya bomba yalitoka siku mbili kwa wiki, na kila mtu alikuwa na ndoo yake. Lakini mwanamke anayemaliza siku zake na kuoga ili arudi kwenye swala alipewa ndoo tatu bila maswali. Siku hiyo Bi Zuhura alichukua kalamu akazungushia tarehe duara. Ilimsaidia kugawa maji, na zaidi ilimsaidia kujua kila mtu alikosa siku ngapi za kufunga Ramadhani, ili azilipe kabla ya Ramadhani nyingine. Rehema alikuwa na duara jekundu. Mimi, Mkatoliki peke yangu katika nyumba ya Waislamu, sikuwa na saumu ya kulipa, lakini nilizipenda zile ndoo tatu. Nikapewa duara la bluu. Nilifurahi sana kupata duara langu, nilijiona nimekuwa mtu wa nyumba.

Mwaka huo huo, parokiani, tulikuwa na semina ya vijana wakubwa, wachumba na wanaotarajia uchumba. Mume na mke waliotufundisha walikuwa wapole na wenye haya. Walichora mstari ubaoni, wakaandika siku ya kwanza mpaka ya ishirini na nane, wakatuambia kuwa kwa mwanamke ambaye mwezi wake hauyumbi, hatari huanza siku ya nane mpaka ya kumi na tisa. Kisha wakasema haya mambo ni ya watu wa ndoa, wakafuta ubao. Nilikuwa nimeshanakili. Kile ambacho hawakukisema, au walikisema mimi nikiwa nachonga penseli, ni kwamba siku ya kwanza ni siku damu inapoonekana. Mimi siku ya kwanza nilikuwa ninayo tayari ukutani, imezungushiwa duara la bluu. Nyumba nzima ilianza mwezi wake siku ya kuoga, na mimi nikachukua mstari wa parokia nikauweka juu ya kalenda ya Bi Zuhura. Dini mbili zilinifundisha vizuri, kila moja kwa shughuli yake, nami nikazichanganya kwenye sufuria moja.

Fidelis alikuwa kijana wa Igalula, mnunuzi wa asali. Alizunguka vijijini akikusanya ndoo kwa wafugaji nyuki na kuzileta mjini kwa treni, na nguo zake zilinuka moshi na nta. Nilimpenda. Nasema hivyo wazi kwa sababu wanawake wa umri wangu wakisimulia mambo haya hujifanya kama walivutwa na upepo. Hakuna aliyenivuta. Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, alasiri, jua likiwa kali na mji mzima umejilaza, nilikuwa kwenye chumba alichopanga mjini, na yeye akaniuliza kama niko salama. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba leo ni siku ya saba. Alinisifu, akasema hajawahi kuona msichana anayejijua kama mimi. Kinga ilikuwepo dirishani, kwenye pakiti yake, na tuliiacha hapo hapo.

Kesho yake baada ya misa nilikuwa jikoni na Rehema. Alikuwa rika langu, amerudi kwao baada ya ndoa fupi isiyo na heri, na siku ile alikuwa amefunga, analipa siku zake za mwisho kwa kuwa Shaabani ilikuwa inakwisha. Tulikuwa tunapika mlenda wa karanga, na kwa kuwa hakuweza kuonja, aliniita kila mara nionje chumvi. Katikati ya kukoroga akageukia kalenda, akafunua ile ya mwaka jana iliyobaki chini yake kwenye msumari, akaanza kuhesabu kwa kidole, akinung'unika. Alisema duara lake la Ramadhani iliyopita liko Jumapili, kwa hiyo alikosa saumu tangu Jumatatu ya kabla, siku sita, hapana, saba. Nikamuuliza kwa nini anahesabu kurudi nyuma. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini ugali unaliwa kwa mkono wa kulia.

"Duara ni la kuoga, Kalunde. Mwezi wenyewe ulianza damu ilipokuja."

Nilibaki na mwiko mkononi. Duara langu la bluu lilikuwa Jumapili iliyopita. Damu yangu ilianza Jumanne ya kabla yake. Nikahesabu kimoyomoyo, nikahesabu tena kwa vidole, mara ya tatu nikahesabu kwa kugusa kalenda, na kila mara Jumamosi ikawa siku ya kumi na mbili. Si ya saba. Rehema aliona uso wangu, akaacha kukoroga, mlenda ukaungua, na hivyo ndivyo alivyojua.

Alinionea huruma, na huruma yake karibu inimalize. Alianza kutaja yote aliyowahi kuyasikia kwenye vitumbua vya mama yake: ya kunywa, ya kuruka, ya kujiosha nayo. Sitayataja hapa. Nina miaka mingi maabara na najua akiyasoma mtu mmoja mwenye hofu atayajaribu. Alipomaliza orodha yake akasema, lakini yule binti aliyelazwa si ndivyo alivyofanya. Jioni nilimsindikiza Fidelis stesheni. Nilimwambia. Akacheka kwa upole, akanishika bega, akasema mara moja haiwezi kuleta mtoto, na kwamba wapo watu wa kwao wana miaka kumi katika ndoa wanatafuta. Treni ikaondoka naye. Nilirudi nyumbani nikiwaza fomu, kisanduku kimoja, na jinsi barua yangu ya chuo ingekuwa karatasi ya kufungia vitumbua.

Jumatatu niliomba ruhusa dukani nikaenda zahanati. Nilichagua ya mbali, upande wa kuelekea Ntalikwa, ambako sikujulikana. Nesi aliyekuwepo aliitwa Kabula, mama mnene wa makamo mwenye kalamu aliyoichomeka kwenye nywele. Benchi lilikuwa limejaa akina mama na watoto. Nilipoingia nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza natoka wapi, nikasema Gongoni, akauliza tatizo, nikasema kichwa. Akanipa muda. Nikasema na tumbo. Akaweka kalamu chini.

"Binti, kichwa hakikukutoa Gongoni mpaka huku. Sema."

Nikasema. Swali lake la kwanza halikuwa nililolitarajia. Aliuliza kama nilitaka mwenyewe au nililazimishwa. Nilipojibu kwamba nilitaka, alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayejaza fomu, akauliza ni lini, saa ngapi. Kisha akanyoosha karatasi ya kufungia dawa akachora mviringo. Sijawahi kufundishwa vizuri kama siku ile, na nimekaa madarasani mengi. Alisema mwezi wa mwanamke unaanza siku damu inapoonekana, na yai hushuka mahali fulani katikati, halina tarehe ya serikali, linaweza kuwahi au kuchelewa. Yai lenyewe haliishi zaidi ya siku moja. Hapo nikapumua, akaniona, akasema ningoje. Mbegu za mwanamume haziondoki siku hiyo hiyo. Zinaweza kukaa ndani mpaka siku tano, zikilisubiri yai kama watu wanaosubiri treni. Kwa hiyo mtu anaweza kulala na mwanamume Jumamosi na mimba ikaingia Jumatano akiwa dukani anapima kitambaa. Nikamuuliza kuhusu mara moja. Akasema mimba zote za dunia zimeingia kwa mara moja, hakuna iliyoingia kwa mara mbili. Nikamuuliza kuhusu kujiosha. Akasema kuoga ni usafi tu.

Sentensi ile ilinichoma zaidi ya alivyojua. Nikamweleza habari ya duara. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, na nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anajizuia asicheke. Akaniambia ametumika vijiji vingi, Isikizya mpaka mipakani, amekutana na wanaohesabu kwa mwezi wa angani na wanaohesabu kwa gulio, lakini wa kuhesabu kwa ndoo nilikuwa wa kwanza. Kisha akawa mtu wa kazi tena. Alisema sijachelewa. Kuna vidonge vya dharura, vinafaa ndani ya siku tatu, na kila saa inayopita vinapungua nguvu. Vinachelewesha yai lisishuke. Kama yai limeshashuka havitasaidia, na kama mimba imeshakaa haviitoi wala haviidhuru, kwa hiyo nisije nikavifanya dawa ya kila Jumamosi wala nisidhani vina uhakika wote. Baada ya wiki tatu nipime. Kabla ya hapo kipimo kinaweza kusema hapana wakati jibu ni ndiyo. Na hofu yangu isiwe ya mimba peke yake, alisema, kwani kuna mengine yanayopita njia hiyo hiyo. Akanichukua damu, akaniambia tarehe ya kurudia, na kwamba kijana naye aje. Mwisho akafungua kabati la vidonge. Boksi lilikuwa tupu. Akaniandikia jina kwenye ile ile karatasi yenye mviringo, akaniambia niende duka la dawa sasa hivi.

Nilifika kwenye duka la dawa saa sita mchana. Nyuma ya meza alikuwa amesimama mwenyekiti wa jumuiya yetu, mtu aliyeongoza rozari kila Alhamisi, ambaye mke wake alinipa mimi kazi ya kusoma somo la kwanza. Nilipita. Nikarudi. Nilinunua karanga kwa muuzaji wa jirani ili niwe na sababu ya kusimama pale. Wateja waliingia na kutoka, na kila alipotoka mmoja mwenyekiti alitazama nje na kunipungia mkono, nami nikampungia. Niliondoka. Ndiyo, niliondoka, na karatasi ya nesi mfukoni, na saa zangu zinahesabika. Watu husema ujinga ndio unaoangamiza mabinti. Saa ile nilikuwa nimeshafundishwa kila kitu, na bado nilirudi nyumbani na mfuko wa karanga.

Bi Zuhura alinikuta nimekaa kitandani. Mlango ulifunguka nusu kama kawaida, akapenyeza ubavu akaingia. Rehema alikuwa amemwambia. Sikumlaumu, mtu aliyefunga hana nguvu ya kutunza siri ya mwenzake. Nilijiandaa kufukuzwa. Yeye aliuliza tu kama nesi ameandika kitu, akapokea karatasi, akaishika mbali na macho yake kwa kuwa hakuona karibu, akageuza huku na huku ule mviringo. Akavaa baibui lake zuri, la harusini, akatoka. Alikaa muda mrefu kiasi kwamba nilikula karanga zote bila kujua. Aliporudi alikuwa na bahasha ndogo na vitumbua viwili vya asubuhi, kwa sababu, alisema, dawa haiendi kwenye tumbo tupu. Alimsimulia Rehema uani, na mimi nikasikia kupitia dirishani, kama nilivyozoea kusikia mambo ya watu. Muuzaji alisoma karatasi, akamtazama, akamuuliza kwa adabu kama dawa ni ya mjukuu.

"Nikamwambia, baba, nimekuja kununua dawa, sikuja kuposwa."

Nilimeza vidonge nikicheka na kulia, jambo ambalo silipendekezi, maji hupita njia mbaya. Kisha zikaanza wiki tatu. Naweza kuzieleza kwa ufupi kwa kuwa hazikuwa na kitu ndani yake isipokuwa siku. Nilipima vitambaa. Nilisikia kichefuchefu siku mbili, nikaamini ni mimba, kisha kikaisha, nikaamini pia ni mimba. Ramadhani ikaingia, nyumba ikabadili saa zake, na jioni tulikula pamoja kwenye mkeka: uji wa pilipili manga, tende, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga kwa ajili yangu, kwa sababu Bi Zuhura alijua ndicho chakula nilichokulia. Hakuniuliza kama damu imekuja. Aliniongezea michembe tu.

Jioni moja baada ya kufuturu alinitaka nimweleze ule mviringo. Alikuwa ameitunza karatasi. Nikamweleza kama nesi alivyonieleza, siku ya kwanza, katikati, siku tano za kusubiri. Alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipofika kwenye kosa langu alisema polepole, "Kumbe ukuta wangu ndio uliokudanganya." Nikamwambia hapana, ukuta ulikuwa unasema kweli, mimi ndiye niliyeuuliza swali lisilo lake. Alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza, akarudia mara mbili, kisha akamgeukia Rehema aliyekuwa anaosha vyombo, akamtazama muda mrefu sana. Alisema yeye na marehemu mume wake walikuwa wamekubaliana kupumzika baada ya watoto wanne, na walikuwa wakijihadhari kwa hesabu, wiki ya kwanza baada ya kuoga walijiona wako huru. Rehema alikuwa mtoto wa tano. Rehema akauliza kwa nini anatazamwa hivyo. Bi Zuhura alicheka mpaka akashika mbavu, akasema miaka yote hii alidhani Mungu alimkonyeza tu, kumbe ni hesabu yake mwenyewe.

Siku zangu zilipaswa kuja Jumanne. Hazikuja. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nilikuwa nimeambiwa vidonge vinaweza kuzichelewesha, na kujua hivyo kulinisaidia mchana na hakukunisaidia kitu nilipokuwa peke yangu. Jumamosi asubuhi, wiki tatu kamili, damu ilikuja. Nilikuwa bafuni na ndoo yangu moja. Nilikaa kwenye jiwe la kuogea nikaiinamia ndoo ile, nikashukuru kwa maneno ambayo hayamo katika sala yoyote. Jumatatu nikaenda kwa nesi Kabula na fomu yangu. Alipima vile vile, kwa kuwa fomu haitaki hadithi, akajaza kisanduku, akapiga muhuri. Kipimo cha damu nilikirudia kwa tarehe aliyoniambia, kikawa kizuri.

Fidelis alikuja wiki hiyo na ndoo ndogo ya asali, zawadi ya safari yangu ya chuo. Nilimwambia kwamba siku zangu zimekuja. Alifurahi kweli, macho yake yaling'aa, akafungua mikono.

"Si nilikwambia?"

Hakuwa mtu mbaya. Amekuwa baba mzuri kwa watoto wa mwanamke mwingine, nasikia, na asali yake bado inasifiwa. Lakini niliposikia maneno yale mawili nilijua kwamba wiki tatu zile nilizipitia peke yangu, na kwamba yeye alitoka humo na ujinga ule ule alioingia nao, umeongezewa ushindi. Nilipokea asali. Nikampa Bi Zuhura nusu. Uchumba haukufika kokote, na hatukugombana.

Tangu nilipomaliza chuo nimekuwa mtu wa kuchovya vijiti vya kupimia mimba. Wasichana huja maabara na fomu zao, kisanduku ni kile kile, na wengine hukaa mbele yangu wanatazama sakafu. Siruhusiwi kusema mengi, na hata ningeruhusiwa, mimi si mtu wa mahubiri. Lakini kabla sijachukua kijiti huwa nawauliza swali moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba wao wanahesabu kuanzia siku gani. Majibu yao nimeyasikia ya kila aina. Kuanzia damu ilipoisha. Kuanzia mwezi ulipoandama. Mmoja alihesabu kuanzia tarehe moja ya kila mwezi, kama mshahara. Hapo mimi huchukua karatasi na kuchora mviringo, kichwani mwangu nikimwona mwanamke mwenye kalamu kwenye nywele, ambaye hakujua kwamba karatasi yake ya kufungia dawa imefika mbali hivyo.

Vitunguu saumu viliisha. Nikaingia jikoni hatimaye, vidole vinanuka, kutafuta maji ya kunawa. Msumari ulikuwa pale pale juu ya mahali pa mtungi, na juu yake kalenda ya mwaka huu, ya duka la simu. Nasra, binti wa Rehema, mwenye miaka ishirini na moja, alikuwa anakoroga kachumbari. Niliisogelea kalenda. Kulikuwa na maduara, kama zamani, ya rangi mbili. Lakini nyuma ya kila duara, siku kadhaa kabla, kulikuwa na nukta. Nukta, kisha duara. Nilirudisha kurasa mpaka Januari, na kila mwezi ulikuwa hivyo hivyo. Nasra aliona ninavyoangalia, akaona haya kidogo, akasema ni mambo ya Bibi tu, nyumba hii wanawake huweka alama mbili, moja ya damu na moja ya kuoga, na binti akivunja ungo tu Bibi alimkalisha hapa akamweleza kwa nini ni mbili.

Nikamuuliza Bibi aliyatoa wapi. Akasema alifundishwa zamani na mpangaji wao mmoja, binti wa Kikristo aliyekuwa na akili sana, akaenda kusomea udaktari.

Miaka yote hiyo Bi Zuhura alikuwa amewasimulia mabinti wa nyumba ile habari yangu, na hakuna aliyewahi kusikia kwamba nilikosea. Alichukua aibu yangu akaigeuza sifa, akaiweka ukutani, na hakuniambia hata mara moja nilipompigia simu za Idi. Ningeweza kuiacha hivyo. Ilikuwa hadithi nzuri kuliko ya kweli. Lakini Nasra ana miaka ishirini na moja, na nadhani kuna siku atahitaji kujua kwamba mtu mwenye akili anaweza kukosea, na kwamba bado anaweza kwenda kuuliza. Nikamwambia kwamba mpangaji huyo ni mimi, mimi si daktari, na sikumfundisha mtu yeyote kitu. Nilihesabu kuanzia kwenye duara.

Aliacha kukoroga. Akauliza nilikosea kwa siku ngapi, na mimi nikamwambia ahesabu mwenyewe. Nasra alifuta mkono kwenye kanga, akaweka kidole juu ya nukta ya mwezi huu, akaanza kukisogeza kisanduku kimoja kimoja kuelekea kwenye duara, akihesabu kwa sauti ya chini. Alipofika tano kidole kilikuwa juu ya duara, akakiacha pale pale, akageuka akanitazama.